Somo: Kupata volti 0 hadi 10 zilizotulia kutoka kwenye Arduino Uno kwa PWM

Habari za kazi ndugu zangu. Somo hili nimelichelewesha kwa sababu nilitaka kwanza nikae nalo mezani tangu mwanzo, nipime kila hatua, ndipo niandike. Arduino Uno haina pini inayotoa volti 1.7 au 3.2. Pini zake zinajua hali mbili tu, volti 0 na 5. PWM ni kuiwasha na kuizima pini harakaharaka, huku ukibadilisha sehemu ya muda inayokaa imewaka. Sasa kifaa kinachotaka umeme unaopanda na kushuka taratibu utakiongoza vipi?

Kwangu mimi kifaa hicho kilikuwa inverta ya mota, yaani kifaa kinachobadilisha kasi ya mota. Kuna mzee hapa Morogoro anakausha mahindi kwa feni kubwa ya fezi tatu, akataka feni ijipunguze kasi yenyewe unyevu unaposhuka. Inverta ina temino ya kuongozea kasi: ukiipa volti 0 mota inasimama, ukiipa 10 inakwenda kwa 50 Hz, na hapo katikati inafuata uwiano. Nikaandika amri ya PWM, analogWrite(9, 128), yaani nusu ya kipimo cha 0 hadi 255, nikagusisha multimita kwenye pini ya 9, ikasoma 2.51. Nikaona volti ninazo, nikaunganisha moja kwa moja. Kioo cha inverta kilipaswa kutulia karibu na 12.5 Hz. Badala yake namba zikawa zinaruka: 9, 14, 11, 16, tena 10. Feni inavuma, inalegea, inavuma tena, kama mtu anayehema baada ya kupanda mlima.

Multimita ilikuwa sahihi, mimi ndiye sikujua inaniambia nini. Ukiiweka kwenye DC inakupa wastani. Pini ya 9 ilikuwa inatoa 5 kwa nusu ya muda na 0 kwa nusu nyingine, mara 490 kila sekunde, na wastani wake ni 2.5. Lakini hakuna wakati wowote ambapo waya ule ulikuwa na volti 2.5 ndani yake. Inverta nayo inapima kwa vipindi vyake: mara inadaka 5, mara inadaka 0, inajaribu kusawazisha, inashindwa. Kazi yetu leo ni kuuchukua ule wastani unaouona kwenye kioo cha multimita na kuufanya uwe voltiji ya kweli kwenye waya.

Vifaa: Arduino Uno yenye chipu ya ATmega328P, adapta ya volti 12 DC, opampu (chipu ya kukuza voltiji) moja LM358, rezista nne za kilohomu 10 na moja ya kilohomu 100, kapasita ya mikrofaradi 1 na nyingine ya nanofaradi 100, zote za filamu ya poliesta ukizipata. Bredibodi inatosha kwa majaribio. Kwa kazi ya kudumu, lehemu.

Hatua ya 1: Chujio

Fikiria simtanki inayojazwa na bomba linalofunguliwa na kufungwa, kufunguliwa na kufungwa. Maji yanaingia kwa vishindo, lakini ukichungulia ndani, kina hakirukiruki. Kinasimama mahali kulingana na muda bomba linaokuwa wazi. Kapasita ndiyo simtanki, rezista ndiyo mpira mwembamba unaoleta maji. Unganisha kilohomu 10 kutoka pini ya 9, kisha kapasita kutoka mwisho wa rezista kwenda GND, yaani upande wa volti 0. Pale rezista na kapasita zinapokutana ndipo unachukua voltiji yako.

Sasa kapasita ya ukubwa gani? Hapa wengi wanabahatisha, na sipendi mbahatishe, kwa sababu hesabu yake ni fupi. Baada ya chujio voltiji haitulii kabisa, inabaki na kiwimbi kidogo juu yake. Kiwimbi kinakuwa kikubwa kuliko vyote mapigo yakiwa asilimia 50, na kimo chake ni:

kiwimbi = 5 × 0.25 × T ÷ (R × C)

T ni muda wa pigo moja zima. Kwa 490 Hz ni sekunde 0.00204. Tuseme umeweka kilohomu 10 na mikrofaradi 10: R × C ni sekunde 0.1, na kiwimbi kinatoka milivolti 25. Linganisha na ngazi moja ya analogWrite, yaani 5 ÷ 255, karibu milivolti 20. Kiwimbi kinaizidi ngazi yenyewe! Ukitoka 128 kwenda 129, hatua yako inamezwa na mtikisiko.

Utasema basi niweke mikrofaradi 100. Sawa, kiwimbi kitashuka hadi milivolti 2.5. Lakini chujio linahitaji kama mara tano ya R × C ili lifikie asilimia 99 ya voltiji mpya, na sasa R × C ni sekunde 1. Kila ukibadilisha kasi unasubiri sekunde tano. Simtanki kubwa haitikisiki, ila inachelewa kujaa. Kwa feni ya mahindi unaweza kuvumilia. Kwa kazi nyingine nyingi huwezi.

Hatua ya 2: Harakisha mapigo

Njia nzuri ni kuiacha simtanki iwe ndogo na kulifungua bomba mara nyingi zaidi. analogWrite haikupi nafasi hiyo: kwenye Uno pini za 5 na 6 zinakwenda kwa takriban 976 Hz, nyingine kwa 490 Hz. Ila taima namba 1, inayoendesha pini za 9 na 10, ina biti 16 na inakubali kupangwa upya. Tukiiambia ihesabu kutoka 0 hadi 1023 kwa saa ya MHz 16 bila kuigawanya, tunapata 16,000,000 ÷ 1024 = 15,625 Hz, na ngazi 1024 badala ya 256.

void setup() {
  pinMode(9, OUTPUT);
  TCCR1A = _BV(COM1A1) | _BV(WGM11);
  TCCR1B = _BV(WGM13) | _BV(WGM12) | _BV(CS10);
  ICR1 = 1023;   // mwisho wa kuhesabu
  OCR1A = 0;     // anzia chini kabisa
}

void wekaVolti(float v) {   // v ni kutoka 0 hadi 10
  int n = (int)(v / 10.0 * 1024.0 + 0.5) - 1;
  OCR1A = constrain(n, 0, 1023);
}

void loop() {
  wekaVolti(5.0);
}

Ile kutoa 1 sijaiweka kwa bahati mbaya. OCR1A ni namba inayoamua pini ikae imewaka kwa muda gani. Katika mpangilio huu taima inawasha pini kwa hesabu OCR1A + 1, kwa hiyo 511 ndiyo nusu kamili, si 512. Pia ina maana kwamba hata OCR1A ikiwa 0 kinabaki kipigo chembamba sana, sawa na milivolti 5 hivi. Kwa inverta si tatizo. Kwa anayetaka sifuri halisi, azime pigo kwa kuondoa COM1A1 na kuiweka pini chini kwa digitalWrite.

Rudia hesabu ya kiwimbi: T sasa ni mikrosekunde 64. Kwa kilohomu 10 na mikrofaradi 1, kiwimbi ni milivolti 8, na voltiji mpya inatulia kwa muda usiofika sehemu ya kumi ya sekunde. Kapasita imepungua mara kumi na bado tumetulia kuliko mwanzo.

Ongeza chujio la pili nyuma ya la kwanza: kilohomu 100 na nanofaradi 100. R × C yake ni ileile, sekunde 0.01, lakini rezista imekuwa kubwa mara kumi ili isilivute chini chujio la kwanza. Kiwimbi kilichobaki kinagawanywa tena kwa karibu 1000, yaani kwa macho ya multimita kimekwisha. Kisha msishawishike kuweka megaohomu 1 mkidhani itakuwa bora zaidi. LM358 ina mkondo mdogo unaovuja kwenye miguu yake ya kuingizia, makumi ya nanoampia. Ukipita kwenye kilohomu 110 unaleta kosa la milivolti chache. Kwenye megaohomu 1 kosa hilo linakuwa makumi ya milivolti.

Hatua ya 3: Opampu

Voltiji ya chujio ni dhaifu. Mfano: temino ya inverta yenye ukinzani wa kilohomu 20 ikifungwa moja kwa moja kwenye chujio la kilohomu 10, volti 5 zinashuka hadi 3.3, kwa sababu umetengeneza kigawanyo bila kukusudia. Halafu tunataka 10, na Arduino mwisho wake 5. LM358 inamaliza yote mawili.

Mguu wa 8 uende kwenye volti 12, wa 4 GND. Pato la chujio liingie mguu wa 3. Kilohomu 10 kutoka mguu wa 1 kwenda mguu wa 2, na kilohomu 10 nyingine kutoka mguu wa 2 kwenda GND. Ukuzaji ni 1 + 10/10 = 2, hivyo 0 hadi 5 inakuwa 0 hadi 10. Nusu ya pili ya chipu usiiache inaning'inia: funga mguu wa 6 na wa 7 pamoja, na wa 5 uende GND. Rezista ya nne ya kilohomu 10 iweke kutoka pini ya 9 kwenda GND. Sababu yake iko kwenye swali la mwisho hapo chini, na tafadhali usiiruke.

Adapta ileile ya volti 12 iwashe Arduino kupitia tundu lake la umeme. Regyuleta ya kwenye bodi inatoa 5 zilizotulia kuliko zile za USB, na hizo 5 ndizo kipimo cha kila kitu hapa.

Hatua ya 4: Pima kwa namna itakayokuambia ukweli

Kama una osiloskopu, huhitaji hatua hii. Wengi wetu hatuna, kwa hiyo tuitumie Arduino yenyewe. Pale kwenye mguu wa 2, rezista mbili za ukuzaji zinapokutana, voltiji ni nusu ya pato, kwa hiyo haina hatari kwa A0, pini ya Arduino ya kusomea voltiji. Pato lenyewe la volti 10 usiliguse na pini yoyote ya Arduino, utaiua.

int ndogo = 1023, kubwa = 0;
for (int i = 0; i < 500; i++) {
  int s = analogRead(A0);
  if (s < ndogo) ndogo = s;
  if (s > kubwa) kubwa = s;
}
Serial.print(ndogo), Serial.print("  ");
Serial.println(kubwa);

Weka Serial.begin(9600) kwenye setup, na kipande hiki ndani ya loop. Usiangalie wastani, angalia tofauti ya namba mbili. Mimi nilipogusisha A0 kwenye pini ya 9 yenyewe, nilipata 0 na 1023, yaani kile ambacho inverta ilikuwa inakiona siku ile. Baada ya machujio mawili na opampu nilipata 511 na 512. Multimita kwa mara zote mbili ilikuwa imesema 2.5.

Hatua ya 5: Kwenye inverta

Zima umeme mkuu, kisha subiri. Kapasita za ndani ya inverta zinabaki na mamia ya volti hata taa zikizimika, na muda wa kusubiri umeandikwa kwenye kitabu chake, fuata huo. Pato la opampu liende temino ya kuingizia 0–10 V, GND yetu iende temino ya pamoja ya analogi. Tumia waya wenye wavu wa kinga, wavu ufungwe upande mmoja tu, na usiupitishe sambamba na nyaya za mota. Kwenye mipangilio chagua kasi iongozwe na temino, si vitufe.

Kioo kilitulia 25.0. Mzee akainama akasikiliza feni, akasema, "Sasa imenyamaza." Ilikuwa inazunguka.

Maswali ya wanachama

Swali kutoka Mwanza: Shikamoo mwalimu. Nimefunga LM358 lakini pato haliendi zaidi ya 3.5 hata nikiweka 1023. Nimebadilisha chipu mbili. Umeme wake nimechukua pini ya 5V.

Jibu: Marahaba. Chipu zako ni nzima. LM358 haiwezi kufikisha pato lake hadi kwenye volti zinazoiwasha, inaishia karibu 1.5 chini yake. Ukiiwasha kwa 5 utapata kama 3.5. Ukiiwasha kwa 12 inafika 10.5, ndiyo maana tunatosheka na 10. Kama unahitaji 0 hadi 5 tu na huna volti 12, tafuta opampu ya MCP6002, pato lake linakaribia sana kingo zote mbili, 0 na volti zinazoiwasha. Ila hiyo usiipe zaidi ya volti 6.

Swali kutoka Mbeya: Kwa nini nisiweke kapasita kubwa moja kwa moja kwenye pini, bila rezista?

Jibu: Kapasita isiyo na chaji, kwa pini, ni sawa na shoti. Pini ya Uno kikomo chake cha juu kabisa ni miliampia 40, na kwa usalama tunakaa 20 au chini. Kila pigo lingekuwa linaipiga pini shoti, mara maelfu kwa sekunde. Kilohomu 10 inahakikisha hata hali mbaya zaidi haivuki nusu miliampia.

Swali kutoka Zanzibar: Kaka, mie nataka kuendesha feni ndogo ya DC ya volti 12, nayo niipitishe kwenye opampu hii?

Jibu: Hapana kaka, opampu itapata moto na feni haitazunguka. Feni ndogo ya kawaida ya waya mbili haihitaji chujio. Toa PWM kwenye mosfeti (swichi ya kielektroniki) kama IRLZ44N, weka dayodi ya haraka sambamba na feni, na mota itajisawazishia mapigo yenyewe. Angalia herufi L kwenye jina. IRFZ44N inafanana nayo sana dukani, lakini haifunguki vizuri kwa volti 5, inachemka. Chujio ni kwa vifaa vinavyosoma voltiji kama amri, si vinavyokula umeme.

Swali kutoka Nairobi: Mimi natumia ESP32, ni 3.3V. Itabadilika nini?

Jibu: Kwanza angalia ESP32 yako. Ile ya asili ina pato halisi la analogi kwenye GPIO25 na GPIO26, lenye ngazi 256. Kama ngazi hizo zinakutosha, ruka PWM kabisa. Matoleo ya ESP32-S3 na C3 hayana pato hilo, hapo fuata somo hili. Ukuzaji uwe 3: kilohomu 20 kutoka mguu wa 1 kwenda wa 2, na 10 kwenda GND, utapata hadi 9.9. Ukiweka 22 badala ya 20 hesabu inatoka 10.56, utagonga dari ya opampu na ngazi za juu zitapotea.

Swali kutoka Dodoma: Nilipoongeza programu yako, servo yangu imegoma. Nikajaribu kuhamia pini ya 5, sasa delay inakwenda hovyo.

Jibu: Vyote vina sababu moja. Maktaba ya Servo inatumia taima namba 1, ileile tuliyoipanga upya. Pini ya 5 na 6 ni taima namba 0, ambayo ndiyo saa ya delay na millis. Ukiichezea, saa yote ya programu inaharibika. Njia salama ni kuipa kazi hii chipu yake. MCP4725, chipu inayotoa voltiji halisi ya analogi, ina ngazi 4096 na inawasiliana na Arduino kwa waya mbili za I2C. Bei yake imezidi rezista na kapasita, lakini umebakiwa na taima zako.

Swali kutoka Arusha: Nikiwasha relei pato linashuka kidogo, kama 0.2 hivi. Kapasita haitoshi?

Jibu: Kapasita haihusiki. Pato lako ni asilimia ya zile volti 5 za bodi. Relei ikizivuta hadi 4.9, pato la 10 linakuwa 9.8, hata chujio liwe zuri namna gani. Iwashe relei kwa umeme wake, au weka regyuleta ya 7805 kwa ajili ya relei peke yake.

Swali kutoka Tanga: Ile rezista ya kutoka pini ya 9 kwenda GND inafanya nini? Nimeijaribu bila hiyo na inafanya kazi vilevile.

Jibu: Dada, inafanya kazi vilevile mpaka Arduino iwe haiko kazini. Wakati inajiwasha, wakati unapakia programu mpya, au ikifa, pini ya 9 haitoi 0 wala 5, imeachwa wazi. Kapasita inabaki na chaji ya mwisho, kwa hiyo mota inaendelea kwa kasi ya mwisho. Halafu ule mkondo unaovuja kutoka mguu wa 3 wa LM358 unaanza kuzijaza kapasita. Nanoampia 45 kwenye mikrofaradi 1.1 ni kama milivolti 41 kila sekunde. Baada ya dakika mbili hivi voltiji imepanda mpaka juu na mota inakwenda kasi yote, bila mtu kuiamuru. Nimeliona hili mezani kwangu nikiwa nimechomoa waya wa pini ya 9, taa ya majaribio ikaongezeka mwanga yenyewe polepole. Ukiwa na hiyo kilohomu 10, kapasita zinajimwaga chini kwa sehemu ndogo ya sekunde. Jaribu hivi: fungua kasi hadi nusu, kisha bonyeza kitufe cha kurisetia bodi na ukishikilie. Kioo cha inverta lazima kishuke hadi karibu na sifuri na kibaki hapo. Kisiposhuka, usiifungie mota yoyote.